Jezi Nyekundu au Nyeusi: Jibu la Shangazi

Kolovai,
Tongatapu.
Jumatano, 26 Novemba.

Mpendwa mwanangu Lisiate,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Sisi wazima, namshukuru Mungu, ukiacha goti la baba yako linalomsumbua kila mvua ikinyesha, na kikohozi changu ambacho kimekataa kuhama. Wewe je, hujambo? Bega limepona? Unakula, au unakunywa tu ule unga wa maziwa wanaowapa huko klabuni? Nilikuona kwenye televisheni, mashavu yameingia ndani. Wenzako wamenona, na wewe umesimama katikati yao kama mgeni aliyenyimwa chakula. Sikufurahi hata kidogo.

Barua hii anakuletea binamu yako Seini, anayepanda ndege Ijumaa kuja Sydney. Amebeba pia mkeka wa kuvaa kiunoni niliokusukia kwa mikono yangu, na usije ukamgawia mtu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Ukipiga tu, mama yako anaweka spika, watoto wanakusanyika, Motekiai wa jirani anachungulia juu ya ua kuuliza kama huyo ni Lisiate, na mimi naishia kukuuliza habari za mvua. Jambo uliloniuliza si la kujibiwa mbele ya Motekiai.

Umeniomba nikuamulie. New Zealand, ulikozaliwa, wanataka mwakani uvae jezi yao nyeusi. Tonga wanataka ubaki kwenye nyekundu. Kila upande unangoja jibu kabla ya Krismasi, na wewe ukaniandikia, "Shangazi, sema wewe, mimi nitafuata." Tangu niusome ujumbe ule sijalala vizuri. Nitakujibu, lakini kwanza niache nitoe yaliyo moyoni, maana mwaka huu umenichosha na sina wa kumwambia.

Mwaka wenyewe ulianza vizuri. Ulipotajwa kwenye kikosi cha taifa, Kolovai nzima iligeuka nyekundu. Bendera kwenye magari, bendera kwenye mabanda ya nguruwe, mpaka mchungaji wetu akavaa tai nyekundu. Nikajisemea, mwaka huu nitakaa kitini pangu nimtazame mtoto wa kaka yangu akicheza mechi za kimataifa, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Raga hii ya wachezaji kumi na watatu nimeipenda tangu usichana wangu, na naijua kuliko nusu ya wanaume wa hapa wanaojifanya makocha.

Kumbe nilimsahau baba yako. Alirudi nyumbani Februari baada ya miaka yote ile ya Auckland, nami nimefurahi, ni damu yangu. Lakini nyumba ina sebule moja na televisheni moja, na kaka na dada hawakai mahali pamoja wakatazama televisheni. Mila siilalamikii, nimelelewa nayo na nitazikwa nayo. Ninailalamikia sebule.

Ikaja mechi ya Juni na New Zealand. Mimi nikawaza, ni mwanawe wa kumzaa, acha atazame yeye. Nikachukua kikapu changu nikaenda kwa akina mama wanaosuka mikeka, ambako hakuna hata redio. Baba yako naye akawaza, nyumba ni ya dada na mtoto ni wa dada vilevile, acha atazame yeye. Akachukua fimbo yake akaenda kwenye nyumba ya kava, wanaume wanakokunywea ile mizizi yao, na siku hiyo umeme wa huko ulikuwa umekatika. Mama yako alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Niliporudi nikakuta televisheni inanguruma peke yake sebuleni, mbwa amelala juu ya kiti changu, mechi imekwisha, na Tonga imefungwa kwa pointi mbili. Jioni ukapiga simu ukauliza kama tulikuona ukicheza sipi tau mstari wa mbele, ile ngoma yetu ya vita kabla ya mpira kuanza. Kila mtu akamtazama mwenzake. Baba yako akasema ulipendeza sana.

Angekuwa mume wangu ningemgombeza yakaisha. Lakini kaka huwezi kumpandishia sauti. Mimi nampisha, yeye ananipisha, na kwa kupishana huko nani ataona mechi? Mama yako ndiye posta yetu. Nikamwambia, wifi yangu, nenda kamwambie mumeo mechi ya Oktoba akae aitazame. Akarudi na jibu kwamba atazame dada. Nikamtuma tena, naye akatumwa tena kwangu. Mwisho alivua kandambili akaketi chini, akasema, "Mimi nimechoka kutumwa. Nunueni televisheni ya pili." Ya pili tutaiweka wapi, juu ya paa?

Oktoba ndiyo ilikuwa balaa kabisa. Mechi ya marudiano wakaiweka Jumapili mchana, siku ambayo hapa hata kuogelea watu hawaogelei. Mchungaji wetu ni mwelewa, angefupisha. Lakini siku hiyo akaja mchungaji mgeni kutoka Vava'u, mtu asiyejua raga wala huruma, akahubiri habari za Nuhu tangu ubao wa kwanza wa safina mpaka wa mwisho. Wanaume wakawa wanakohoa ovyo. Motekiai akatoka, eti anakwenda kuangalia chakula chake kilichofukiwa kwenye mawe ya moto kisiungue, na hakurudi. Tulipofika nyumbani wenzetu walikuwa wamekwisha kupigwa, na wewe ulikuwa umekaa benchi mwanzo hadi mwisho. Nasikia walionyesha sura yako mara moja tu, na ulikuwa unatafuna kucha. Hukufundishwa hivyo katika ukoo huu.

Hapo ndipo habari za New Zealand kukutaka zilipofika, na kijiji kikahamia kwangu. Dukani naambiwa, tamka tu neno, shangazi. Kwenye kwaya, wewe ndiye shangazi, ukikataa wewe nani atakubali? Wanajua, na wewe unajua, kwamba hapa neno la shangazi wa upande wa baba halina rufaa, linapita hata la baba mwenyewe. Motekiai alikuja na kapu la samaki, akanishauri nikufunge kamba usitoroke. Nilichukua samaki nikamwambia nitafikiri.

Nikataka kumsikia baba yako kwanza. Nilitegemea atasema New Zealand, maana nchi ile ndiyo iliyowalisha, na nilikuwa nimejiandaa kubishana naye kupitia kwa mama yako hata wiki nzima. Likaja jibu fupi: atakachosema dada ndicho. Nilikasirika, mwanangu. Niliosha vyungu vyote vya jikoni, hata vilivyokuwa visafi.

Sasa nikueleze kwa nini, kwa sababu najua yeye hajakwambia. Baba yako alipokuwa na umri wako aliitwa timu ya taifa kwa safari ya kwenda kucheza Uingereza. Jina lake lilisomwa redioni, tulilisikia kwa masikio yetu. Shangazi yetu Meliame, Mungu amrehemu, akasema hapana, abaki, viazi vikuu viko shambani na babu yako ni mgonjwa. Baba yako akasema, "Ndiyo, shangazi," akachukua jembe. Hakununa, hakulalamika, na mpaka leo hajawahi kulitaja. Timu ikaenda bila yeye, na hakuitwa tena. Mimi nilimpelekea chakula shambani siku ile ndege ilipoondoka. Nilimkuta amesimama tu katikati ya mashina ya viazi, jembe mkononi. Halafu akainama akaendelea kuchimba.

Basi ikafika mechi ya mwisho, Jumamosi iliyopita, ile ya Samoa. Safari hii baba yako alikuja na akili mpya. Asubuhi aliing'oa televisheni mahali pake, akaiweka dirishani, kioo kikitazama uani, akatandika mikeka nje. Mimi nikaketi mbele kabisa, nyuma yangu akina mama, nyuma yao Motekiai na watoto wake wasiojua kukaa kimya. Nikauliza baba yako yuko wapi. Mama yako akasema yupo, yupo, wewe tazama mpira. Nikajua ameenda zake kwenye kava.

Nilikuona, Lisiate. Hatimaye mwaka huu nilikuona. Ulipoingia, zikiwa zimebaki dakika chache, nilisimama na kikohozi kikapotea. Ulimkaba yule Msamoa mwenye mapaja ya ng'ombe ukamlaza chali, akina mama wakapiga vigelegele mpaka popo wakaruka mitini. Kisha ukapewa mpira karibu na mstari wao, mbele yako hakuna mtu, uuguse tu chini ng'ambo ya mstari, trai moja na tunashinda, na mpira ukakuponyoka. Sitakuficha, nilitukana. Nilitukana tusi zima, mbele ya wake wa mashemasi. Filimbi ikalia, tukawa tumefungwa mara ya tatu. Motekiai, yule yule wa samaki, akainuka akakung'uta suruali akasema, "Mwache aende New Zealand. Mikono yenyewe imepakwa mafuta ya nazi." Nikamwambia mikono hiyo imefika kwenye kikosi cha taifa, na yake imefika wapi zaidi ya kwenye bakuli la kava? Akaondoka bila kuaga.

Nikaingia ndani kuchukua sahani. Ni nani nimkute? Baba yako. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya televisheni, uso unatazama nyaya. Hakuwa amekwenda kokote. Mechi nzima alikuwa pale, anamsikiliza mtangazaji na kelele zetu, pamoja na lile tusi langu, ambalo kaka hapaswi kulisikia kinywani mwa dada yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikageuka nitoke upesi. Akaniita, macho chini, sauti ya chini.

"Dada, anakimbiaje?"

Sikumwelewa.

"Lisiate. Anakimbiaje siku hizi? Mimi nimesikia tu."

Nikamwambia unakimbia vizuri, kichwa juu, kama yeye alivyokuwa. Akatikisa kichwa kukubali, akainuka kwa shida juu ya lile goti, akaanza kufungua nyaya. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, na si kwa sababu ya Samoa.

Sasa sikiliza jibu. Nikikwambia Tonga, utasema ndiyo, shangazi. Nikikwambia New Zealand, utasema ndiyo, shangazi. "Ndiyo" hiyo nimekwisha kuisikia katika ukoo huu, nikaona ilivyomfanya mtu, na sitaki kuisikia kwako. Kwa hiyo sikuamulii. Kama unataka kujua moyo wangu, moyo wangu ni mwekundu, na ukivaa nyeusi nitalia, halafu nitaomba wewe ucheze vizuri na timu yako ifungwe. Lakini huo ni moyo wangu, si amri. Chagua mwenyewe. Atakayekulaumu, mwambie shangazi amekupa ruhusa. Motekiai mwachie mimi.

Na ule mpira ulioponyoka usikukoseshe usingizi. Wakubwa kuliko wewe wamewahi kuangusha, nami niliwatukana vilevile.

Nisalimie mjomba wako Tonata na mkewe Vika, na yule mtoto wao mchanga ambaye sijambeba bado. Mwambie Tonata ile picha ya ubatizo naingoja tangu Pasaka. Mama yako anakusalimu sana, anataka kujua nimeandika nini na nimekataa kumwonyesha. Seini akifika mpikie, usimpeleke kula vitu vya kwenye makaratasi.

Nimekwambia sikuamulii kuhusu jezi. Lakini amri ninayo moja, na hii huna ruhusa ya kuikataa. Mechi yako ya kwanza ya kimataifa mwakani, jezi yoyote, nchi yoyote, baba yako awe uwanjani. Umweke mbele, mahali anapoweza kuiona miguu yako. Atakataa, namjua. Atasema goti linauma, atasema aende dada. Usibishane naye. Mwambie dada amesema.

Mungu akutangulie kila uingiapo uwanjani na kila utokapo.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,

Kalolaine