Nyasi za Lado

Jumatano, Hai Malakal

Na bado nacheka peke yangu, eti mume wangu amenipigia simu akipiga kelele kwa ajili ya nyasi!

Mume wangu Lado anatengeneza bustani ya sanamu kule kijijini. Ameotesha nyasi kwenye mteremko uliomomonyoka, ili mvua isibebe udongo na kuangusha sanamu. Wiki iliyopita akina mama wa pale wakaamua kumsaidia: wakafyeka zote, wakafagia mpaka udongo ukang'aa kama ua wa nyumbani. "Mwanangu, wageni utawapitisha porini? Nyoka je?" Angewakasirikia vipi?

Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Udongo ukienda, na kazi yake imekwenda. Alishaanza kusema atarudi kuendesha boda.

Jana ikanyesha mvua kubwa. Leo jioni simu: "Habibti, mizizi ilibaki! Mteremko umeshika, nyasi zinachipua!" Nikapiga vigelegele, jirani akauliza nani kajifungua.

Sasa akina mama wanataka kumwona mke wa mtu wa nyasi. Lado wangu, moyo wangu, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja, hata nikipakiwa juu ya lori la mchanga.