Mwiko Uko Kwenye Begi Lako

Baba Zaitun,

Chai iko kwenye chupa, viazi vitamu vimefunikwa mezani. Kuku wafungulie. Maharage ya hapa kwetu Titye ya kuwapelekea ndugu zako yachambue mwenyewe, yana mawe.

Mimi niko stendi, nakata tiketi zetu. Asubuhi ulidhani nimeshatoka, kumbe niko uani naanika nguo. Nikakusikia unamwambia wifi kwenye simu, "Msihangaike kutafuta mpishi wa harusi, mke wangu anakuja." Hivi kweli? Mara mbili umenipeleka kwenu Pangani, na mara zote mbili bahari nimeiona kupitia dirisha la jiko! Safari hii tulipatana tutembee ufukweni, tukawaone watoto wa kasa wakitoka mchangani. Kumbe umeshaniazimisha kama sufuria!

~~Siendi tena. Nenda peke yako.~~

Naenda! Kasa wangu niwakose kwa kosa gani?

Wifi nimeshampigia. Nimemwambia mpishi ni kaka yake, maana ndiye aliyeahidi. Amecheka mpaka simu ikakatika. Mwiko mkubwa nimeufunga kwenye begi lako, chini ya kanzu.

Mama Zaitun, mtalii