Siku Walipomwaga Komoni Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Mpemba hatujambo, babu yako anavuna mahindi. Umeniuliza kanuni za leseni za vileo mnazorekebisha huko Dodoma ziweje.

Nilipokuwa kijana kule Isansa niliuza komoni, ile pombe yetu ya mahindi na ulezi. Siku moja mgambo waliimwaga yote kwa kuwa sikuwa na leseni. Nikamuuliza mkubwa wao, “Baba, hiyo leseni inatolewa wapi?”

Akainamisha kichwa. “Kwa kweli, dada, sijui.”

Kesho yake tulikwenda naye wilayani. Walitaka choo na maji safi tu. Maji nilikuwa nayo; nikachimba choo, nikapewa leseni.

Jirani yangu Anna naye alimwagiwa siku ile. Aliogopa kuuliza, akaacha kupika pombe kabisa. Mnapoandika, mjukuu wangu, mfikirieni Anna kuliko mimi.

Nakuombea,
Bibi yako