Ahsante, Zuwena

Baba,

Kinachonirudia ni mlio wa pete yako kwenye diski ya breki. Ukiitundika diski kwa kamba, ukaigonga mara moja, na wageni wa Kichina wakanyamaza pamoja nawe kusikiliza chuma kikilia mpaka kiishe. Diski yenye ufa hailii, ukiwaambia.

Nakuandikia nikiwa huku Ibra, Oman, kwenye meza yako. Mama hajambo, bado yumo edani. Bwana Lin, yule mgeni wako wa Kichina, bado anataka diski za kiwanda chake ziuzwe Marekani, na bado anaamini urahisi wa bei unatosha. Namrudia maneno yako: "Mmarekani hanunui breki tu, ananunua na mtu wa kumlaumu." Basi tumemtafutia ghala hukohuko, na bima, na simu itakayopokelewa saa zao za kazi. Nasema tumemtafutia. Nimemtafutia mimi, Baba. Nataka ulijue hilo kabla sijafika kwenye habari za Zuwena.

Siku za matanga alilia kwa sauti, wanawake wakamzunguka. "Maskini, kafiwa na baba mara ya pili," wakasema, kwa kuwa wewe ndiye uliyemlea tangu ami, ndugu yako, alipofariki. Mimi, binti yako wa kumzaa, nilikuwa nazungusha kahawa. Nilipomfikia akaninyooshea kikombe bila ya kunitazama, na mkono wangu ulitaka... Basi. Unajua ulitaka nini.

Lakini mpango huu ni wako. Zuwena mbele ya kamera tukizungumza na wanunuzi, mimi pembeni, nje ya picha, namnong'oneza majibu. "Yeye watu wanampenda, wewe mambo unayajua," ulisema, ukadhani umetugawia sawa. Yeye ukampeleka Marekani kwenye maonyesho ya vipuri. Mimi mwenye shahada nikabaki na vyeti vya majaribio ya diski, nikaletewa chokoleti. Nilizila zote peke yangu, nikaumwa na tumbo.

Wiki iliyopita, kwenye kamera, mnunuzi mmoja wa Kimarekani aliuliza: diski ikipasuka barabarani, nani atajibu? Zuwena akacheka kile kicheko chake, akasema yote yatakuwa kheri inshallah. Bwana Lin naye akatikisa kichwa kukubali. Mmarekani akaanza kukusanya karatasi zake. Nikaiona kazi yako ya miaka yote inaondoka. Sikunong'ona tena. Nikasema kwa sauti, kutoka palepale pembeni: bima ni hii, ghala lipo hukohuko kwenu, na atakayepokea simu ni mimi.

Mmarekani akashusha pumzi. Akasema, "Ahsante, Zuwena."

Na Zuwena akaitikia, Baba. Akaitikia.

Nimejaribu kukuuliza katika dua kama ulimpenda kuliko mimi, nikaona haya, nikakuombea rehema tu. Mungu akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Nakuahidi Zuwena hatokosa chumba katika nyumba hii, wala sehemu yake katika kazi hii, maadamu mimi ni hai. Kumpenda sikuahidi.

Jana nilimwandikia Bwana Lin kuwa mwakilishi wake huko Marekani ni mimi, kwa jina langu, akakubali. Tiketi nimeshakata, moja. Zuwena kaja kusimama mlangoni, akaniuliza, "Na hao Wamarekani nani atawachekea, dada?"

Nikamwambia wanao wake zao.