Mtalawanda Wako, Jino Langu

Ami,

Shikamoo. Hii ni ya mwisho, na naitoa kwa mazoea tu.

Nilikuwa darasa la nne. Wewe umo chooni asubuhi nzima, mie nimesimama uani na sare yangu, nachelewa. Nikagonga. "Ami, fanya haraka, nitachapwa!" Mlango ukafunguka nusu, ukanirushia mtalawanda wako wa chooni, kile kiatu cha mbao, umeloa chapachapa. Ukanipata mdomoni. Kabla sijasikia maumivu nilionja utelezi, mkojo na povu la sabuni. Nikatema damu na kipande cha jino la mbele. Nawe ukasema, "Nirudishie basi, nimesimama mguu mmoja."

Nikakurudishia. Hilo linanitia kinyaa kuliko ile ladha.

Jioni majirani wakauliza. "Ameanguka," ukasema. Mkeo, Mama mdogo, akaitikia, "Utundu tu." Tangu siku hiyo nimeanguka kwenye kila harusi ya ukoo wetu. "Muoneni kibogoyo wangu," ulikuwa ukiwaambia wageni, "alibusu ngazi!" Wakicheka, nami nacheka, mkono mdomoni.

Unajua kuishi na kipande? Ulimi unakwenda pale pale hadi unachubuka. Maji ya barafu yanapanda mpaka jichoni. Muhogo wa kuchoma naumega kwa vidole, nautafunia shavuni kama ajuza. Baadaye jino likafa, likawa rangi ya chai ya rangi. Nilifungua duka la vifaa vya ujenzi bila shilingi ya mtu wa ukoo. Wateja wakanisifu kwa hesabu za kichwani, macho yao yako kwenye jino.

Mwaka jana nikaenda kulitengeneza. Daktari alipolitoboa, kilichotoka ndani kilinuka maji ya dagaa yaliyolala ndooni. "Hili limeoza zamani, dada," akasema. "Ulianguka?" Mdomo uko wazi, umejaa pamba. Nikaitikia kwa kichwa. Ami, hata pale nilikulinda! Alilisafisha, akalivika kofia nyeupe, nikarudi nyumbani nimechukia kioo: jino jipya, uongo ule ule.

Ndipo ukafa. Jeneza liko barazani, sisi wanawake tumo ndani, Maalim akanadi kama ilivyo ada: anayemdai marehemu aseme, tumalizane naye kabla hajatoka. Huko nje wanaume wakajibu wamesamehe. Mama mdogo akanigusa goti.

"Nawe sema, mwanangu."

"Mie namdai."

Akina mama wakageuka. Mmoja akanong'ona, "Huyu na mahesabu yake, hata maiti hamwachi!"

"Namdai jino," nikasema. "Sikuanguka. Alinirushia mtalawanda wa chooni. Mama mdogo, sema."

Akavuta kanga mpaka puani. Kisha akasema, taratibu, lakini wote walisikia: "Hakuanguka. Mtalawanda niliuosha damu mimi mwenyewe. Akauvaa tena siku ile ile."

Basi. Jino nikakusamehea hapo hapo, Ami, maana nimekwishalitengeneza kwa jasho langu. Ile "ameanguka" nayo imekufa, umekwenda nayo.

Siku ya hitima nilikwenda chooni kwako. Jozi yako ya mitalawanda ilikuwa pale pale mlangoni, nyeusi, ina ukungu, alama za vidole vyako zimechimbika kwenye mbao. Sikuivaa. Niliishika kwa gazeti, nikaipeleka uani, nikaisukuma chini ya sufuria la pilau. Mama mdogo aliniona. Akachochea kuni.

Ilichelewa kushika moto. Ilikuwa imelowa miaka mingi mno. Lakini pilau liliiva. Nikaomba pande la nyama lenye mfupa, nikaling'ata mbele za watu, kwa jino la mbele.

Lala, Ami.

Mimi, mtoto wa kaka yako, ambaye hakuanguka