Jezi Haitumwi kwa Pikipiki

Hemedi, mjukuu wangu, mume wangu uliyenikimbia mchana kweupe,

Salamu utazipata siku ukizistahili. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa darasa la nne langu lile lile la Tanga, na mama yako nimemwambia aipige picha airushe kwenye kundi la timu. Zuhura kakataa kwanza. "Mama, haya mambo ya ndani." Nikamuuliza, ya ndani gani, wakati mwanao katuvua nguo mbele ya watu? Atairusha. Na wote waisome, maana wote wamo.

Nianze na jezi, ndiyo iliyonifanya hata chai isinishuke.

Nilikuwa hapa Guangzhou, jengo la Tianxiu, kwenye hiki kijiofisi cha mizigo cha mama yako, nimekaa kwenye cherehani yangu dirishani natengeneza zipu ya mtu. Akaingia kijana wa Kichina wa kupeleka vifurushi, kofia ya njano kichwani, pikipiki yake ya umeme kaiacha chini. Kaninyooshea mfuko wa plastiki. Nikajua ni vifungo nilivyoagiza. Kufungua, harufu ikanipiga usoni. Jezi yako, na matope ya Jumamosi juu yake, imekunjwakunjwa kama tambara la kupigia deki. Sijakaa sawa, simu ikaleta sauti yako: "Bibi, mimi nimehamia timu ya wale wa Tianhe. Hiyo jezi itupe tu, au mpe mtu. Usinune, mke wangu."

Usinune! Siku hizi wake mnawapa talaka kwa pikipiki?

Umesahau kanuni ile iliwekwa na nani? Niliiweka mimi. Mlipoanza hiyo raga yenu ya watu kumi na watatu, mkimaliza mlikuwa mnazitupa jezi kwenye gunia kama maganda ya mihogo, halafu bibi afue. Nikasema mimi si mashine. Kila mtu avue yake, aje nayo mwenyewe, aniwekee mkononi na aniangalie machoni. Kashinda, alete. Kafungwa, alete vile vile, na hapo ndipo nilipokuwa nawataka hasa. Mkacheka. Lakini mkafuata. Hata Otieno, nahodha wenu, lile jitu la Kisumu linaloingia mlangoni kwa ubavu, lilikuwa linakuja limejikunyata. "Shosh," ndivyo kwao wanavyomwita bibi, "leo tumechapwa. Usinicheki hivyo." Nami namcheki hivyo hivyo.

Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kila mara. Unakuja unanuka kama beberu, unaniwekea jezi mkononi, unaniambia, "Mke wangu, nimepigwa, nipe pole." Nakwambia, "Pole ya nini, uliambiwa ukacheze?" Na uji wako ulikuwa tayari kwenye chupa. Unakumbuka? Unakunywa umesimama, huku unachechemea, na unanisimulia mchezo ambao mimi mwenyewe nimetoka kuuona.

Sasa msimu huu. Astaghfirullah. Nimeona mambo ya kutia kinyaa maishani, lakini msimu huu!

Tulikwenda wote Xintang kuagiza jezi mpya. Wewe ulinibebea begi. Papa Dido, yule Mkongo wa Lubumbashi anayenunua jinzi kule, ndiye alikuwa msemaji, maana mlimpa umeneja kwa sababu ya sauti. Bosi wa kiwanda akabonyeza bei kwenye kikokotoo. Dido akashika kichwa. "Non, non, laoban, bosi wangu! Hii ni bei ya wazungu!" Akaenda mlangoni. Bosi akamwita, "Pengyou, pengyou," rafiki yangu rudi. Akarudi, akaikata tena bei, akaenda mlangoni tena. Wewe unatafsiri huku unacheka hadi machozi. Tukatoka pale tumemkaba bosi mpaka hana pumzi, na kwenye treni mkaimba kama mmeshachukua kombe.

Na sisi sote hapa tunajua, mtu asijifanye malaika. Bosi wa kiwanda ukimkaba bei hakukatalii. Anapunguza uzi. Ndivyo zinavyopatikana zile suruali zinazopasuka matakoni sikukuu ya kwanza kule Kariakoo na Lubumbashi, na aliyenunua anajilaumu kwamba amenenepa. Safari hii walionunua ni ninyi. Takataka mnayowapelekea watu nyumbani, mmejiuzia wenyewe na kuivaa.

Mechi ya kwanza, Otieno kakamatwa tu, jezi ikabaki mkononi mwa Mwaustralia mmoja wa Tianhe kama leso. Refa kapuliza filimbi, kisha kasimama, hajui anapulizia nini. Wale wa Tianhe wakacheka mpaka wakashika magoti. Wakatoa simu wakapiga picha. Hao hao, Hemedi. Hao ambao leo ndio ndugu zako.

Nani alikaa kwenye nyasi za plastiki, jua la Guangzhou linanichemsha kama kiazi, anawashonea vifua na migongo? Dido aliniletea mabaki ya jinzi mfuko mzima, ananiangalia kwa chini kama mbwa aliyeiba. Nikawaweka viraka mmoja mmoja. Mpaka zamu yako ikafika, bega zima limeondoka, na mfuko wa jinzi umeisha. Nikafungua begi langu nikatoa ile mbeleko.

Ulikuwa unabwabwaja kama kasuku, ukainama kuitazama. "Bibi, hii si ile..."

"Ndiyo ile. Simama vizuri nikupime."

Ile niliyokubebea, mama yako alipokuwa anahangaika huku China na mabegi yake, na wewe una miezi ya kuhesabu. Nimekubeba humo kwenda sokoni, kwenda msibani, kwenda kumpigia kelele fundi aliyenijengea choo kikapinda. Umenikojolea humo mpaka rangi yake ikawa haijulikani. Nikatia mkasi. Mkasi huu huu. Nikakushonea begani, na wewe ukageuza uso ukatazama pembeni. Nikajifanya natafuta uzi.

Basi mkawa na viraka, na mkafungwa na viraka vyenu. Kufungwa sikatai. Mimi nimezika mume, nimehama nchi uzeeni, nimejifunza kupanda treni za chini ya ardhi. Mpira wenye umbo la papai hautaniua. Kinachonitapisha ni namna mnavyofungwa. Sheria yenyewe hata mimi nimeielewa. Unakabwa, unainuka, unasogea. Ukikabwa mara ya sita, mpe mpinzani mpira. Ninyi mnakabwa mara sita pale pale, halafu mnawakabidhi mpira kwa adabu kama mnarudisha sufuria ya jirani. Mpira unarushwa nyuma, sawa, lakini na miguu nayo irudi nyuma?

Na yule kijana mwenye duka Kariakoo! Mchezo unaendelea, simu inalia kwenye soksi yake. Simu, kwenye soksi. Akatoka pembeni kupokea. "Kontena linafungwa, siwezi kuacha!" Wakapita pale pale alipokuwa amesimama, mtu anatembea, hakimbii, anakwenda kufunga, anaweka mpira chini kama anaweka yai. Na mkifungwa, Otieno anawakusanya mpige picha, vidole viwili juu, meno nje. Nikamuuliza, "Mnacheka nini?" Akaniambia, "Shosh, ni ya kumbukumbu." Kumbukumbu ya nini, baba? Maiti hujipiga picha?

Wewe tu ndiye uliyekuwa hucheki. Nilikuona. Jumamosi ile ya mvua, mlipopigwa bila kupata hata pointi ya kuombea, ulikaa kwenye tope peke yako, umeweka mkono begani kwenye kiraka. Nilisema moyoni, huyu ndiye mtu wangu, huyu imemuuma. Wenzako wakaja mmoja mmoja kuniwekea jezi mkononi. Nikakungoja wewe. Ukapita nyuma ya watu ukaenda kwenye treni na jezi mwilini. Nikadhani unalia, nikakuacha ulie kiume.

Kumbe ulikuwa unahama.

Nilikupigia ile siku ya pikipiki, na maneno yako ninayo. "Bibi, kule kuna kocha. Kuna maji baridi. Wanashinda."

Nikakwambia, "Na huku kuna nini?"

"Huku kuna kelele tu, Bibi. Mimi nimechoka kuchekwa."

"Kwa hiyo umekwenda kukaa kwa wanaokucheka, ili ucheke nao."

Halafu ukasema eti una kipindi chuoni. Jumapili. Kipindi cha nini Jumapili, ewe msomi?

Mama yako anasema nikuache, mtoto achague. Mimi sijakukataza kuchagua. Ungekuja hapa na miguu yako, ukanishika mkono, ukasema, "Bibi, nakwenda kwa wale, jezi yako hii." Ningekutukana mpaka ghorofa ya chini wasikie, halafu ningekupa uji. Kisha ungekwenda. Watu huhama, mimi mwenyewe nimehama. Lakini mtu hahami kwa kumtuma Mchina wa vifurushi na jezi mbichi. Hata hukuisuuza. Na kile kiraka ulichosema kitupwe, ulikuwa humo ndani yake kabla hujajua kukaa.

Sasa sikiliza, maana Jumamosi haiko mbali. Mechi ya mwisho ni sisi na hao wako wa Tianhe. Waliopanga ligi wameshasema: timu ikija pungufu safari hii, mwakani isijisumbue kuomba nafasi. Wewe ndiye wa kumi na tatu, na umeondoka. Otieno amepita vyuo vyote anabembeleza watu. Mmoja ana mtihani, mwingine ana mchumba, mwingine kasema wazi kwamba haitaki aibu ile. Jana Otieno kaja hapa, kakaa kwenye kibao cha wateja, kibao kikalia. "Shosh, imeisha. Tutafutwa." Sijawahi kumwona hana la kuchekesha. Uso kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Dido alikuwa mlangoni, ana mfuko wa sampuli begani. Akaweka mfuko chini. Akasema, "Maman, iyo jezi ya Hemedi, iko wapi?"

Nikamwambia, "Inakuhusu nini?"

"Nitavaa mimi."

Otieno akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. Hata mimi nilikuwa karibu. Dido huyu, Hemedi! Tumbo linamtangulia ofisini, yeye anafuata baadaye. Lifti ya jengo hili ikiharibika analala chini kwa rafiki. Akatungoja tumalize. Akasema, "Bei ile niliiua mimi. Ni mimi niliwavalisha karatasi. Nitasimama pale wanipige, lakini tutakuwa kumi na watatu."

Nilimwambia ageuke nimpime.

Basi jezi yako nimeifua, mara mbili, kwa mikono. Nimeifumua mbavuni nikaongeza kitambaa kila upande, mpaka sasa ni jinzi zaidi kuliko jezi. Na begani nimechukua wembe nikatoa kile kipande cha mbeleko, uzi kwa uzi. Nilikishona kwa nguvu kweli, sikujua. Kimenitoa jasho. Pale nimeweka jinzi, kama ya wenzake, maana Dido sikumbeba mimi.

Tutafungwa. Usidhani bibi yako mjinga. Tutafungwa vibaya na Dido atatapika pembeni, na watu wako watatoa simu zao. Toa na yako. Lakini tutafika kumi na watatu, na mwakani mtatuona tena, tena na tena, mpaka mchoke ninyi kutufunga. Na ukija na mpira upande wa Dido, usimpite kwa huruma, hakuomba huruma. Akikuangusha lakini, hata mara moja, hata kwa kukulalia tu, kigelegele nitakachopiga mama yako atakisikia hapa ofisini Xiaobei.

Mechi ikiisha nitakuwa pale pale kwenye mstari, mikono mbele, kila mtu ananiletea yake. Nitampokea Dido. Nitampokea Otieno. Hiyo jezi yako mpya nyeupe ya Tianhe sina habari nayo, huko mna mashine.

Ile mbeleko nimeikunja nimeiweka kwenye droo ya cherehani. Nimebaki na kipande kile na kipande kingine kikubwa, vyote vilikuwa kitu kimoja kabla hujanipeleka kwenye mkasi. Siitupi, na simpi mtu. Ukiitaka unajua nilipo, na ngazi zipo hata lifti ikiharibika. Ila uje mwenyewe, na ukija usiniletee hizo za mke wangu mke wangu mlangoni. Nitazame kwanza.

Mwenye pikipiki nimeshamwambia mlinzi wa chini, akija na mfuko asipandishwe.

Ni mimi bibi yako, mgongo uliokubeba, na bado haujapinda.