Rupia Iliyorudi kwa Posta

Tata,

Shikamoo, baba. Nakuamkia kwa sababu ulinifundisha adabu, si kwa sababu moyo umetulia. Nimekukasirikia.

Haya mambo ya sarafu wewe ndiye uliyeniambukiza. Ukishafunga kibanda chako cha baiskeli pale Mugumu, tulikuwa tunamwaga senti za tundu juu ya gunia, tunazifuta, na wewe unanikanya, "Ghati, usisugue kwa majivu, utafuta sura." Tangu ufariki nimeendelea. Kuna muuzaji Arusha, namtumia hela kwa simu, naye ananitumia bahasha kwa posta. Kila sarafu anaifungia kikaratasi kinachosema ameipata wapi, maana sisi wakusanyaji tunapenda kujua.

Wiki iliyopita niliagiza rupia ya Mjerumani bila hata kuiona. Ilikuwa bei nafuu kwa vile imetobolewa. Nikafungua bahasha hapo hapo posta. Tundu liko juu ya sikio la yule mfalme, pale pale bibi, mama yako, alipoigonga msumari rupia yake ili aivae shingoni. Nikajiambia labda zipo nyingi. Nikasoma kikaratasi: "Nimeinunua Mugumu kwa mzee fundi baiskeli, hana dole gumba la kushoto."

Kumbe uliiuza mwenyewe. Halafu ukasema imeibwa, ukamwita Mwita, mwanao wa kwanza, mwizi mbele ya wazee, ukamfukuza nyumbani. Mwaka wa nne huu anaponda mawe ya dhahabu Nyakunguru kwa kosa lako. Mimi nami nilikuamini, nikaacha kumsalimia kaka yangu. Hilo linaniuma. Najua uliwaogopa shangazi zangu, maana rupia ilikuwa ya mama yao pia. Wangekusema wiki moja, basi, yangeisha. Lakini wewe uliona heri umtoe mwanao kafara.

Siku tunakuzika Mwita alikuja. Baba mkubwa akamkatalia kutupa udongo kaburini, akabaki amesimama barabarani, kofia mkononi, na mimi nikageuza uso.

Kesho naenda Nyakunguru kumwomba radhi. Jumamosi nawaita wazee wale wale. Nitawasomea kikaratasi na jina lako nitalitaja, sitakusitiri. Mwita akitaka kukuwekea udongo wake, nitamshikia koleo. Akikataa, Tata, sitambembeleza. Utalala hivyo hivyo.

Kwaheri.

Mwanao,
Ghati